Vijana Wetu Wasiishie Getini
(Hotuba kwa wana Newala waishio Dar es Salaam)



Mimi ni mhasibu wa kiwanda kimoja upande wa Temeke. Nimeombwa nieleze kwa nini kamati inapendekeza sehemu ya tano ya makusanyo ya mwaka huu isomeshe vijana wa umeme na mitambo. Najua wapo wanaotaka uzio wa shule umalizike kwanza. Nisikilizeni kidogo.

Kiwandani mota huzungusha mkanda, na mkanda hubeba mali. Beringi ikichakaa, mota huzunguka kwa taabu, huvuta umeme kupita kiasi, na kifaa kinachoilinda hukata. Fundi umeme anakuja, anawasha tena, anaondoka. Nusu saa haipiti, imekata. Fundi mitambo akiitwa anasema hilo ni la umeme. Hapo watabishana mpaka magharibi. Mhandisi aliyesomea vyote viwili hupima umeme unaovutwa, husikiliza mlio, kisha anasema: badilisheni beringi. Siku hizi lazima aijue pia kompyuta ndogo inayoongoza mashine, maana sensa moja ikishika vumbi, laini nzima inasimama.

Kwenye vitabu vyangu beringi ni kitu kidogo. Kinachouma ni saa zilizopotea: mishahara inaendelea, riba ya benki inaendelea, na mteja wa Kariakoo ameshanunua kwa mwingine. Ndiyo maana mwajiri yuko tayari kumleta fundi kwa ndege na kumlipia hoteli, huku kijana wetu yuko getini tangu alfajiri akisubiri kuchaguliwa kibarua cha kubeba maboksi. Malipo ya wote wawili hupita mezani kwangu. Tofauti yake sitaitaja, mtakosa hamu ya pilau.

Nasi Newala jambo hili linatuhusu. Tulijengewa viwanda vya korosho, miongoni mwa vile 12 vilivyojengwa nchini miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa mashine za Italia na Japani. Vingi vikasimama. Sisemi ni kwa kukosa mafundi tu. Korosho zenyewe zilishuka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Lakini leo korosho zipo, na nyingi bado zinapanda meli zikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Tukitaka kubangua kwetu, mashine zitahudumiwa na mtoto wa nani?

Vyuo vipo. Kwa ufundi kuna VETA, Mtwara na hapa Chang'ombe. DIT hutoa stashahada ya miaka mitatu baada ya kidato cha nne, kisha shahada. Mlango wake ni hisabati na fizikia, kwa hiyo tunataka fedha zigawanywe: ada na nauli za wanafunzi, na vifaa vya maabara nyumbani. Wasichana waombe pia. Multimita haimuulizi aliyeishika ni binti wa nani wala kijana wa nani.

Fomu ziko kwa mweka hazina, meza ya kushoto mlangoni. Ahadi ziandikwe na kutiwa saini, na kila mchango utapewa risiti. Ahadi za mdomo, mniwie radhi, mimi siwezi kuziingiza kitabuni.