Kuzunguka Kisiwa cha Lundo kwa Mashua ya Kukodi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Maneno haya ni yale yale yaliyosemwa na Afisa Elimu katika kipindi.

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Asiye na kalamu na amwazime jirani yake. Ninyi mlio na karatasi hii ya somo, fuateni kwa kidole pole pole, wala msikimbie mbele yangu.

Somo la leo lilianzia Mjimwema, hapa hapa Songea. Jioni moja mama mmoja wa darasa letu, ambaye kazi yake ni kuuza nyanya, alikuja na kipande cha gazeti alichofungiwa vitumbua. Palikuwa na picha. Mashua nyeupe, bahari ya buluu, kisiwa nyuma yake, na watu watano wamelala juu ya mashua wakiota jua. Chini ya picha palikuwa na neno moja ambalo mama yule alikwisha lisoma mwenyewe, herufi kwa herufi: Ugiriki.

Akaniuliza, "Mwalimu, hawa wanavua nini?"

Nikamjibu kwamba hawavui.

"Basi wamepakia nini?"

Hawakupakia kitu.

"Wanakwenda wapi?"

Nikasema, wanazunguka kisiwa, halafu wanarudi pale pale walipotoka. Darasa zima likacheka. Lakini mzee mmoja, fundi wa baiskeli, hakucheka. Akauliza, "Wanalipa?" Nikamwambia, wanalipa sana, Mzee. Akasema, "Basi kuna kitu wanachokiona."

Nikawaeleza kidogo. Ugiriki ni nchi ya visiwa. Visiwa vyenye watu tu ni zaidi ya 200. Wageni hufika huko wakati wa joto, wakakodi mashua ya tanga au ya injini kwa siku moja, au kwa juma zima. Wengine huikodi pamoja na nahodha na mpishi. Wengine huiendesha wenyewe, lakini hao hawapewi mashua mpaka waonyeshe cheti kwamba wanajua kazi. Tena upo upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao huvuma kwa nguvu mwezi wa saba na wa nane. Upepo huo ukizidi kipimo, serikali ya huko huzuia vyombo kutoka bandarini, na tajiri hukaa gatini na fedha zake mfukoni kama mtu mwingine yeyote.

Mzee akasikiliza. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia. Alisema, "Mimi nina miaka 61. Nimezaliwa Songea. Ziwa Nyasa sijaliona."

Tukahesabu darasani. Waliokuwa hawajaliona ziwa walikuwa tisa katika watu kumi na wanane. Na ziwa lenyewe si mbali. Kutoka Songea hadi Mbinga ni kilomita 100 hivi, na kutoka Mbinga kushuka hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, zote lami siku hizi. Tena ni ziwa kubwa, la tatu katika Afrika baada ya Viktoria na Tanganyika. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 550, na pale penye kina kirefu maji hufika karibu mita 700 kwenda chini. Samaki wake ni zaidi ya aina 500, na walio wengi hawapatikani penginepo duniani. Wageni hutoka Ulaya kuja kuwatazama. Sisi wa Songea huwaona sokoni tu, wamekauka.

Basi tukaazimia kwenda. Watu kumi na wawili wakajiandikisha, nami nikiwa mmoja wao. Kijana mmoja mwenye ndugu zake Mbamba Bay akatupatia nahodha mwenye mashua ya mbao yenye injini. Tulipanga kukizunguka kisiwa cha Lundo, kilicho kati ya Mbamba Bay na Liuli. Nahodha alitaka shilingi 180,000. Tukasemezana naye kwa simu mpaka tukapatana 150,000. Nikaandika ubaoni: 150,000 gawanya kwa 12. Mzee fundi baiskeli ndiye aliyepata jibu kwanza, kwa kupanga njugu za gurudumu juu ya meza. Jibu ni 12,500. Nauli ya basi na chakula mbali.

Halafu tukaandika makubaliano. Nililitaka hili kwa ajili ya somo, nakiri, si kwa sababu nilimshuku nahodha. Kila sentensi ilitungwa na darasa, nami nikasahihisha. Nawasomea kama yalivyokuwa, nanyi mfuate:

"Sisi wanafunzi wa Mjimwema tumekodi mashua kwa siku moja. Tutakuwa watu 12, na wenye mashua ni watu 2. Kila mtu atapewa boya la kuvaa. Nahodha atatuzungusha kisiwa chote cha Lundo na kuturudisha, hali ya hewa ikiruhusu. Bei ni shilingi 150,000, nusu kabla ya kuondoka na nusu baada ya kurudi."

Sentensi ya tatu, ile ya maboya, aliitaka muuza nyanya. Alikuwa na sababu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Kilitengenezwa kuchukua watu 101. Waliokufa walipita 200. Nchi nzima ililia, na mama huyu hajasahau. Yale maneno manne, "hali ya hewa ikiruhusu", niliyatia mimi mwenyewe, kwa mazoea tu ya kuandika karatasi za ofisini. Yakumbukeni, maana tutarudi kwayo.

Tulifika Mbamba Bay jioni, mwezi wa saba. Sitaeleza sana habari za kuliona ziwa mara ya kwanza kutoka juu kule barabarani, pale milima inapofunguka. Basi lote lilinyamaza. Mzee alivua kofia.

Asubuhi yake tukamkuta nahodha pwani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, elimu yake darasa la saba. Maboya alikuwa na tisa. Muuza nyanya akahesabu, akahesabu tena, akasema, "Mwanangu, sisi na ninyi ni kumi na wanne." Nahodha akaenda kuazima matano kwa wenzake. Jambo hilo lilichukua saa nzima, kisha petroli ikachukua saa nyingine, na mmoja wetu alikuwa hajanywa chai. Kwa hiyo tuliondoka saa nne, ambapo nahodha alikuwa ametuambia saa kumi na mbili alfajiri. Kosa lilikuwa letu zaidi kuliko lake.

Mashua ilikwenda vizuri kuelekea kaskazini, upepo mdogo ukitusukuma nyuma. Tulipita katikati ya kisiwa na nchi kavu. Maji ni maangavu mno. Kando ya mawe unawaona samaki wadogo wa rangi ya buluu na ya manjano, wengi kama siafu, na kila jiwe kana kwamba lina kabila lake. Nahodha alituonyesha upande wa Liuli, akasema kule kuna jiwe kubwa la Pomonda. Wajerumani waliliona linafanana na sanamu ya simba ya Misri, wakaiita bandari ile Sphinxhafen. Nikawasimulia kwamba tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliingia kule na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Alikuja kwa mtumbwi mdogo, amekasirika, kumgombeza mwenzake Mwingereza, ambaye walikuwa wakinywa pamoja siku zote. Akakamatwa. Wanafunzi walicheka sana kwa hadithi hiyo, nami nikafurahi kujisikia nasema. Tukakaa mno pale kwenye mawe.

Ilipofika saa nane mchana tulikuwa tumefika ncha ya kaskazini ya kisiwa. Mbele yetu ulibaki upande wa magharibi, unaotazama ziwa lote. Nahodha akapunguza injini. Akatazama maji, akasema, "Mwalimu, hatuendi huko."

Maji hayakuwa na kitu cha kutisha machoni mwangu. Nikamwambia kwamba tumelipa kuzunguka kisiwa chote, na bado nusu tu. Akasema, "Kusi inakuja." Nikasema upepo huu ni ule ule wa asubuhi. Akajibu kwa adabu, lakini bila kuniangalia, "Mwalimu, ziwa hili halifuati saa yako."

Ndugu wasikilizaji, nawaambia yaliyotokea kama yalivyotokea. Nilikasirika. Nilikuwa nimewasimamisha watu hawa kazi zao, wamelipa 12,500 kila mtu, na kijana ananiambia habari ya upepo ambao siuoni. Nikatoa makubaliano mfukoni. Nikasema, tumeandikiana hapa, kisiwa chote, na sahihi yako ni hii.

Muuza nyanya alikuwa ameketi karibu yangu. Akaniomba ile karatasi. Nilidhani anataka kunisaidia. Akaweka kidole, akasoma kwa sauti, pole pole, mbele ya watu wote: "Nahodha atatuzungusha kisiwa chote cha Lundo na kuturudisha, ha-li ya he-wa i-ki-ru-hu-su." Akanirudishia karatasi. Akasema, "Mwalimu, hapa pameandikwa."

Sikuwa na la kujibu. Nahodha akageuza mashua kuelekea nchi kavu.

Hatukuwa tumemaliza kuvuta mashua mchangani, ziwa likabadilika. Kwanza mstari mweusi mbali, halafu mawimbi yenye povu nyeupe yakija kutoka kusini, moja juu ya jingine. Kule magharibi ya kisiwa, mahali nilipotaka twende, maji yalikuwa yakipanda juu ya miamba. Upepo huu wa kusi ndio watu wa Malawi wanaouita mwera. Huja hasa kati ya mwezi wa tano na wa nane, na kwa kuwa ziwa ni refu na jembamba, milima ikiwa pande zote mbili, upepo hupata njia kama hewa katika bomba, na mawimbi hukua kila kilomita yanayokwenda. Mwezi kama huo, tarehe 30 Julai 1946, ndipo meli mpya iliyoitwa Vipya ilipopinduka katika sehemu ya kaskazini ya ziwa hili. Watu 145 walikufa. Ilikuwa meli ya chuma, na yetu ilikuwa ya mbao.

Tulilala kijijini ng'ambo ya kisiwa. Wenyeji walitupa ugali wa muhogo na usipa. Mmoja wetu alinung'unika juu ya muhogo, kwa kuwa sisi wa Songea ni watu wa mahindi, lakini usiku ulipokwisha alikuwa amekula kuliko wote. Upepo ulivuma usiku kucha. Ukavuma kesho yake mchana kutwa. Wanne kati yetu hawakuweza kungoja: mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani, wengine watatu walikuwa na kazi za watu. Wakapanda pikipiki hadi Mbamba Bay, wakarudi Songea kwa basi.

Siku ya tatu, alfajiri, ziwa lilikuwa limelala kama maji ya kisimani. Nahodha alituamsha mwenyewe. Tukaondoka watu wanane, tukapita upande ule wa magharibi. Ni majabali matupu yaliyosimama wima majini, na ndege weupe juu yake, na upande wa pili hakuna kitu ila ziwa mpaka macho yachoke. Nahodha alizima injini kidogo bila kuombwa. Mzee akachota maji kwa kiganja akaonja. "Si ya chumvi," akasema, kana kwamba alidanganywa maisha yake yote.

Tuliporudi pale tulipotoka, yeye ndiye aliyesema, "Basi hivi ndivyo wanavyofanya wale wa kwenye gazeti."

Tulimlipa nahodha nusu iliyobaki. Kwa zile siku za kungoja aliomba fedha ya petroli tu, tukampa.

Lakini jambo moja halijakwisha hadi leo. Wale wanne waliorudi mapema walitoa 12,500 kila mmoja, na upande wa magharibi hawakuuona. Walipotukuta darasani waliuliza, je, haifai turudishiwe kitu? Wengine wakasema ndiyo, wachangiwe na wale wanane. Wengine wakasema hapana, mashua ilikodiwa na wote na upepo hauna mwenyewe. Tukaitazama karatasi. Haikusema neno juu ya hilo. Darasa limegawanyika, na mimi nimekataa kuamua, kwa sababu safari ile niliwahi kuamua jambo moja nisilolijua.

Kwa hiyo kazi yenu ya juma hili ni hii. Andikeni katika daftari sentensi moja, au mbili, ya kuongeza katika makubaliano yale. Iseme nani atabeba gharama ikiwa upepo utazuia safari, na atakayelazimika kurudi mapema afanyiweje. Iwe sentensi ambayo nahodha angeweza kuitia sahihi, na muuza nyanya angeweza kuisoma ndani ya mashua. Someaneni ninyi kwa ninyi kabla ya kumpa mwalimu wenu wa darasa.

Katika kipindi kijacho nitasoma baadhi ya sentensi hizo, na darasa la Mjimwema litachagua moja. Haya, fungeni madaftari. Kwaherini, usiku mwema.