Somo la Redio: Kompyuta Ipimwe kwa Mwenye Kuitumia

Somo letu la leo lahusu kompyuta. Usiseme, "Hayo ni mambo ya vijana." Hapa Oldonyo Sambu, kando ya barabara ya kwenda Namanga, huenda akiba yako ya chamani au alama za mtoto wako shuleni zimeandikwa ndani ya kompyuta. Basi yakupasa kujua jinsi inavyotayarishwa.

Kompyuta tupu haifanyi kazi. Sharti kwanza itiwe mfumo endeshi, maana yake programu kuu inayoongoza programu nyingine zote. Kuutia mfumo huo huitwa kusakinisha. Upo mfumo uitwao Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Upo pia Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland. Linux hupatikana bila malipo.

Fundi wa nguo hukupima kabla ya kukata kitambaa. Fundi wa kompyuta naye aulize kwanza: Ni nani atakayeitumia?

Kwanza, karani wa chama cha akiba na mikopo. Kila mtumiaji awe na jina lake na neno lake la siri, ili asifungue hesabu zisizomhusu. Tena, kabla ya kusakinisha, hesabu zote zinakiliwe mahali pengine, kwa kuwa kusakinisha upya huweza kufuta kila kitu. Mama aliyeweka akiba miaka mitano ataidai kwa ushahidi gani, ikiwa hesabu zimefutika?

Pili, shule. Watoto wengi hushika mashine moja. Wapewe ruhusa ya kujifunza tu. Ruhusa ya kuongeza au kuondoa programu ibaki kwa mwalimu.

Tatu, wewe mwenyewe. Ikiwa macho yako ni hafifu, herufi zikuzwe. Ikiwa hujui Kiingereza, uliza kama Kiswahili chaweza kuwekwa. Jambo hili si geni: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili.

Mashine yenyewe nayo ipimwe. Windows 11 yahitaji kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, na hata hivyo mashine nyingi za zamani haziipokei. Nayo Windows 10, muda wake wa kawaida wa kutunzwa na Microsoft ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine kuukuu yaweza kutiwa Linux iliyo nyepesi badala ya kutupwa. Lakini uliza kwanza: je, programu ya hesabu za chama itakubali kufanya kazi humo? Nyingine zilitengenezwa kwa Windows tu.

Mwisho, umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine huenda isiwake tena vizuri. Betri ijazwe kwanza.

Usimlipe fundi kabla hajakuuliza habari zako. Asipouliza, mwulize wewe. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Mfumo endeshi ni nini?
2. Kwa nini hesabu zinakiliwe kabla ya kusakinisha?
3. Kompyuta ya chama chenu, ni nani wanaoitumia, na kila mmoja ahitaji nini?

Kwaherini, hadi somo lijalo.