Elimu Haifungiwi Mlango

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa ni kusoma. Amri hiyo haikutolewa kwa matajiri peke yao, wala kwa ukoo mmoja. Vitabu vya sira vinaeleza kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wasio na mali ya kujikomboa, lakini wenye kujua kuandika, walitakiwa wawafundishe watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi, ndipo waachwe huru. Umma ule ulikuwa na dhiki ya mali, na juu ya hayo ulihesabu elimu ya mtoto kuwa fidia iliyotimia.

Hapa pwani petu pia tunao mfano. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Lamu, Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliwafundisha watumwa na watoto wa watumwa. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa, kwa kuwa waliona elimu ni haki ya wenye nasaba. Yeye hakuwafukuza wanafunzi wake. Katika darsa zake ulisimama Msikiti wa Riyadha na chuo chake, na wanafunzi wake wakaieneza elimu pwani nzima.

Je, mlango huo leo u wazi? Watu wa nasaba hawaushiki tena. Unashikwa na bei. Tafiti nyingi za tiba na kilimo huchapishwa katika majarida ambayo makala moja huweza kuuzwa kwa dola 30 au zaidi, ilhali mwandishi wake kwa kawaida halipwi kitu na jarida. Mwanafunzi maskini huona jina la makala, asiweze kuifungua. Wako walioliona jambo hili kuwa si haki. Mnamo Februari 2002, wanazuoni waliokuwa wamekutana Budapest, Hungaria, walitoa tamko la kutaka tafiti zisomwe na wote bila malipo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa Hinari, ili vyuo na hospitali za nchi maskini zipate majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu.

Lakini tusiwalaumu wengine tukajisahau. Ni vitabu vingapi vya wazee wetu vimefungiwa makabatini, vikaliwa na mchwa, kwa kuchelea kuazimwa? Ni mabinti wangapi wameambiwa kuwa walichojua kinawatosha? Mali ikigawiwa hupungua; elimu ikigawiwa huongezeka, na mwenye kufundisha huwa wa kwanza kufaidika. Mtume wetu ametuonya vikali juu ya mtu aulizwaye elimu aliyo nayo akaificha.

Basi mwenye kitabu na akiazime, na mwenye kuazima akirudishe. Mwanafunzi aliyefahamu somo na amfahamishe mwenzake. Na anayetumia kazi ya mwingine amtaje mwenyewe, kwani kufunguliwa elimu si ruhusa ya kuiba jasho la mtu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuitoa kabla ya kuulizwa juu yake Siku ya Hesabu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.