Tuifunge Elimu kwa Kalamu

(Mada iliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa madrasa, Mwanza)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyeijaalia kalamu kuwa njia ya elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, wavuvi wa ziwa letu hutoka usiku wa kiza na taa zao, na kukipambazuka dagaa huanikwa. Hakuna anayengoja wiki ijayo. Lakini sisi husikia darsani faida kumi baina ya Magharibi na Isha, na ikifika Ijumaa tumebaki na mbili, nazo hatujui kama ni hadithi au ni maneno ya mwalimu. Hapo pana hatari. Kumzulia Mtume (s.a.w.) asilolisema ni dhambi kubwa, na wako wanaoukaribia mlango huo kwa uzembe tu wa kutoandika.

Abdullah bin Amr bin Al-Aas (r.a.) alikuwa akiandika aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.). Baadhi ya Maquraishi walipomkataza aliacha, na alipomweleza Mtume akaamrishwa aendelee. Imam Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201), alizinasa fikra zilizompitia moja moja, zikawa kitabu Sayd al-Khatir. Na *sayd* kwa Kiarabu ni kuwinda, na kuvua pia kumo.

Kwetu Afrika Mashariki, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa alianza mwaka 1930 kutoa karatasi ya Kiswahili iitwayo Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye zikawa kitabu Uwongozi. Hakungoja kitabu kikamilike ndipo awafae watu.

Basi tunausiana utaratibu huu:

Kwanza, daftari dogo lisitoke mfukoni mwa kanzu. Kila faida iandikwe kwa mistari miwili mitatu, pamoja na jina la msemaji, kitabu alichokitaja na tarehe.

Pili, usiku uleule tuyasome tuliyoyaandika na kuyanyoosha. Lenye shaka liwekewe alama mpaka turejee kitabuni au kwa mwalimu.

Tatu, kila Alhamisi tuyahamishie daftari kubwa lililogawanywa kwa milango: tahara, sala, malezi, biashara.

Nne, kila mwezi tuuchague mlango uliojaa, tuandike ukurasa mmoja wa lugha nyepesi, ubandikwe kwenye ubao wa msikiti au uletwe katika jarida hili. Msomaji atauliza, na swali lake litarudi daftarini.

Atakaye kutumia simu na atumie, kwa sharti lilelile: ujumbe usiojulikana umetoka kwa nani usiingie katika daftari la elimu.

Ndugu zetu, walimu wetu wanazeeka. Majibu waliyowapa watu wa ziwani kuhusu ushirika wa mtumbwi, mgawanyo wa mapato ya nyavu na mirathi ya aliyezama, mengi yamo vifuani mwao tu. Wakiondoka kabla hatujayaandika, watoto wetu watauliza maswali yaleyale wasipate wa kuwajibu, nasi tutaulizwa kuhusu amana tuliyoisikia tukaiacha ipotee.

Tuanze leo, baada ya Isha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.