Taa ya Oili Ikiwaka, Pima Kwanza


Taa ya kiwango cha oili ikiwaka, usikimbilie kununua sensa mpya ya oili. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika 10. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, ukichomoe tena uone kiwango. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza, kisha kagua kama inavuja. Ikiwa inatosha na taa haizimi, fundi akague plagi na nyaya za sensa kabla ya kuibadilisha.

Lakini taa nyekundu ya presha ya oili ikiwaka safarini, simama mahali salama, zima injini mara moja. Usiliendeshe gari hata hadi gereji, livutwe.