Dari Kabla ya Jiko: Kuchagua Chanzo cha Joto kwa Nyumba Mpya za Nyanda za Juu

Mada hii inahusu nyumba mpya zinazojengwa Njombe, Makete na Mufindi, ingawa mengi yake yanawagusa pia wajenzi wa Limuru na Nyandarua. Mwenye nyumba wa huko kwa kawaida huuliza atumie nini kupata joto: jiko la mkaa, meko ya sebuleni yenye dohani, hita ya umeme, au kiyoyozi cha aina inayopasha joto. Hoja yangu ni kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Nyumba ya nyanda za juu iliyojengwa vizuri huhitaji joto dogo la kununua, na udogo huo ndio unaopaswa kuamua chombo. Anayeanza na chombo hulipia kasoro za paa lake kila msimu wa baridi, maisha yake yote.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuchukue nyumba ya mita za mraba 80, usiku wa Julai, ndani kukiwa na nyuzi 10 zaidi ya nje. Mabati yasiyo na dari hupitisha takribani wati 7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti, kwa hiyo paa pekee linapoteza kama wati 5,600. Juni na Julai anga huwa jeupe na kavu, na bati hutoa joto lake moja kwa moja kuelekea angani mpaka likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo sababu alfajiri matone hudondoka kutoka kwenye bati kwa waliokosa dari. Ukiweka dari, na juu yake sentimita 10 za pamba ya nyuzi za kioo, upotevu wa paa unashuka hadi wati 300 hivi. Hewa nayo inahesabika. Ikiwa hewa yote ya nyumba hiyo inabadilika mara mbili kwa saa kupitia madirisha ya luva, chini ya milango na mwanya ulio kati ya ukuta na bati, inaondoka na karibu wati 1,500. Ikibadilika nusu tu kwa saa, inaondoka na wati 370. Kuta za tofali na vioo vya kawaida vinapoteza kama wati 2,000 zaidi, na hapo sina dawa ya bei nafuu. Hata hivyo jumla imeshuka kutoka wati 9,000 na ushei hadi chini ya 3,000, bila kuwasha chochote. Watu watano waliokaa ndani hutoa karibu wati 500 kwa miili yao tu.

Jua la huku linatupa msaada ambao michoro mingi ya ramani za nyumba haiutumii. Njombe iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, nyuzi 32 hivi kutoka utosini. Desemba linahamia kusini. Dirisha kubwa linalotazama kaskazini litapokea jua katika miezi ileile ya baridi, na upenu wa wastani utalikinga wakati wa joto. Sakafu ya saruji na kuta nzito za tofali zitatunza sehemu ya joto hilo hadi usiku. Kuelekeza nyumba hivyo hakuongezi mfuko hata mmoja wa saruji. Kunahitaji tu uamuzi kabla ya msingi kuchimbwa.

Ushahidi kwamba mpangilio huu wa hatua unafaa umekuwepo kwa miaka mingi, tena katika baridi kali kuliko yetu. Mwaka 1991 familia zilihamia katika nyumba nne za safu huko Darmstadt, Ujerumani, zilizotokana na kazi ya Wolfgang Feist na Bo Adamson. Paa na kuta zilifunikwa kwa tabaka nene za kuzuia joto, madirisha yalikuwa ya vioo vitatu, na hewa safi iliingia kwa njia iliyopangwa. Kipimo kilichozaliwa na kazi hiyo ni kwamba nyumba isihitaji zaidi ya uniti 15 za joto kwa mita ya mraba kwa mwaka. Hatuhitaji vioo vitatu Makete. Tunachohitaji kujifunza ni kwamba pale chombo cha joto kilichaguliwa baada ya nyumba kuhesabiwa.

Sasa chombo. Jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala ningeliondoa kabisa katika orodha. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi, humkuta mtu usingizini, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Katika nyumba iliyozibwa nyufa kama ninavyopendekeza, hatari hiyo ni kubwa zaidi, na wanaosema nyumba isiyopitisha upepo itaua watu wana hoja nzito. Jibu ni kwamba nyumba ya namna hii isiwe na moto wowote usio na bomba la kutolea moshi nje, na kila chumba kiwe na tundu la hewa lililokusudiwa. Meko ya wazi hupendeza machoni, lakini sehemu kubwa ya joto lake hupanda na dohani, huku ikivuta hewa baridi kutoka nje. Jiko la chuma lililofungwa, lenye bomba, linatumia kuni vizuri zaidi kwa mbali, na kwa mwenye shamba la miti ni chaguo la heshima. Hita ya kawaida hutoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme. Kiyoyozi kinachogeuka kupasha hakizalishi joto bali hulichota nje, na katika baridi yetu ya nyuzi 5 hadi 10 hutoa karibu uniti tatu kwa moja. Kwa hitaji lililobaki la wati 2,000 na kitu, kimoja kidogo cha sebuleni kinakaribia kutosha.

Pingamizi la kukatika kwa umeme linanisumbua kidogo tu, kwa kuwa nyumba yenye dari nzuri hukaa na joto saa nyingi baada ya umeme kuzimika. Pingamizi zito ni la jikoni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nami nauunga mkono. Lakini Makete moto wa kuni haupiki tu. Familia inauota jioni nzima. Mtungi wa gesi unachukua kazi ya kwanza na kuiacha ya pili bila mwenyewe, na mkaa unarudi chumbani kwa mlango wa nyuma. Nyumba za nyasi za wazee zilikuwa na paa lililozuia joto; mabati yalileta paa lisilovuja mvua, yakaondoa kinga hiyo, na hatujairudisha.

Gharama, basi. Pamba ya kioo ni ghali kwa wengi, na maranda ya viwanda vya mbao vya Mufindi, ambayo yapo kwa wingi, hushika moto na huvutia wadudu yasipotiwa dawa. Nisingeshauri yawekwe juu ya dari karibu na nyaya za umeme bila fundi anayejua kazi hiyo. Asiye na fedha za nyumba nzima aanze na vyumba vya kulala: dari, pamba juu yake, mwanya wa ukutani uzibwe, luva zibadilishwe kuwa dirisha linalofunga. Sebule inaweza kusubiri mavuno ya mwaka unaofuata, na kiyoyozi kisubiri sebule.