Hiki Nakimezea Nini?

Msikilizaji, ukiingia duka la dawa ukaomba vitamini E, hutaulizwa cheti cha daktari. Utapewa vidonge laini vya rangi ya dhahabu, na huenda ukaambiwa vinafaa kwa ngozi, kwa moyo, kwa uzazi. Wapo wanaovitoboa kwa sindano wakajipaka mafuta yake usoni. Wengine humeza kimoja kila siku, mwaka hadi mwaka.

Hiyo sifa ya uzazi ina asili yake. Mwaka 1922, huko Berkeley, California, Herbert Evans na Katharine Bishop waliona panya wanaoshika mimba lakini hawazai, mpaka walipoongezewa majani ya letasi. Kilichokuwa kimekosekana ndicho hiki tunachokiita vitamini E. Baadaye ikafahamika kwamba hulinda seli zisiharibike, na watu wakajiuliza: basi si itazuia saratani pia?

Wakapima. Kuanzia 2001, wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani, Canada na Puerto Rico waliingia kwenye utafiti ulioitwa SELECT. Baadhi yao walipewa vitamini E, uniti 400 kila siku. Mwaka 2008 wakaambiwa waache vidonge, maana faida haikuonekana. Mwaka 2011 zikatoka hesabu nzito zaidi: waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Habari hii inaniuma. Wale walikuwa watu wazima wa afya, waliomeza wakiamini wanajikinga. Na uniti 400 ndicho kipimo kinachoandikwa kwenye chupa nyingi madukani.

Sisemi kidonge hiki hakina kazi. Mwaka 2010 ilionekana kwamba uniti 800 kwa siku ziliwasaidia baadhi ya wagonjwa wa ini lenye mafuta wasio na kisukari. Lakini hao walikuwa mikononi mwa madaktari, wakipimwa. Na anayemeza warfarini ili damu isigande, kipimo kikubwa cha vitamini E kinaweza kumletea kuvuja damu.

Mwili wa mtu mzima unahitaji miligramu 15 tu kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti, kama haya yanayokamuliwa Singida, kina zaidi ya miligramu 5. Mchicha wa karanga nao unaongeza, tena vitamini hii hufyonzwa vizuri ikiliwa pamoja na mafuta. Parachichi, lozi, mawese ya Kigoma, vyote vinayo.

Mama, baba, kama chupa hiyo iko kabatini kwako, usiendelee kumeza kwa mazoea. Utakapokwenda kliniki ibebe pamoja na dawa zako nyingine zote, uziweke mezani mbele ya daktari, umuulize: hiki nakimezea nini?